Bahari ni ya Nani?



Wazee wetu walisema kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure, maana mtembezi huenda akaokota kitu njiani. Katika likizo iliyopita sisi wanafunzi thelathini na wawili wa shule hii, pamoja na walimu wetu watatu, tulisafiri hata Mombasa, tukakaa huko siku nne. Tangu turudi nimeulizwa mara nyingi, "Je, Mombasa kuzuri?" Nami hujibu, "Kuzuri sana," na muulizaji huenda zake ameridhika. Lakini jibu hilo si kamili. Huko Mombasa mimi niliokota swali, nalo limekataa kuniacha mpaka leo. Kwa hiyo namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi niliandike hapa, ili na wenzangu mlifikiri.

Swali lenyewe ni hili: mahali pazuri pa nchi, ambapo hapakutengenezwa na mtu bali na Mwenyezi Mungu, ni pa nani? Ni pa yule awezaye kulipa, au ni pa watu wote? Nitaanza kwa kueleza niliyoyaona, kisha nitasema maoni yangu, na mwisho nitaeleza kwa nini jambo hili latuhusu sisi watu wa Uganda ambao hatuna bahari.

Tulitoka Kampala jioni kwa basi, tukavuka mpaka wa Busia usiku, na asubuhi tukafika Nairobi. Kutoka hapo tulipanda gari moshi la reli mpya, iliyoanza kazi mwaka 2017. Tulipopita katika nyika ya Tsavo tuliwaona ndovu waliojipaka vumbi jekundu hata wakafanana na udongo wenyewe. Mwalimu wetu wa historia alitukumbusha kwamba reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu, ukingoni mwa ziwa letu, mwaka 1901, na jina lake lilikuwa Reli ya Uganda. Wakati huo Kisumu yenyewe ilihesabiwa kuwa katika Uganda. Ilihamishiwa upande wa pili mwaka 1902. Hata leo mafuta mengi yanayoendesha motokaa zetu hushushwa katika bandari ya Mombasa. Basi tusiseme kwamba tulikwenda ugenini kabisa. Tulikwenda kuutazama mlango wetu wa kutokea baharini.

Siku ya kwanza tulizuru Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya jabali la matumbawe, kwa ramani ya Mwitaliani mmoja aitwaye Giovanni Battista Cairati. Kuta zake ni nene mno, na rangi yake ni kama ya ndizi iliyoiva. Kiongozi wetu alitueleza jinsi Waomani walivyoizingira tangu mwaka 1696 hata mwaka 1698, na jinsi njaa na maradhi yalivyowamaliza watu waliokuwa ndani. Meli moja ya Wareno iliyokuja kuwasaidia ilizama karibu na ngome mwaka 1697. Katika miaka ya 1970 wapiga mbizi waliichunguza, wakatoa vitu vyake vingi, na baadhi ya vitu hivyo tuliviona kwa macho yetu. Baadaye Waingereza waliifanya ngome hiyo kuwa jela, tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho, na mwaka 2011 ikaandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Nilisimama juu ya ukuta nikapiga hesabu. Kutoka 1593 mpaka 1958 ni miaka 365. Muda wote huo kazi ya ukuta ule ilikuwa ni kuwazuia watu: ama wasiingie, ama wasitoke. Siku ile sisi watoto wa Uganda tulikuwa juu yake tukila njugu, pamoja na watoto wa shule za Mombasa wenye sare za kila rangi, na hakuna aliyetuuliza baba zetu ni kina nani. Ukuta haukubomolewa hata kidogo. Ni mlango tu uliofunguliwa. Jambo hilo niliona la kawaida wakati ule, lakini baadaye nililikumbuka sana.

Jioni tulipita katika Mji wa Kale, penye vichochoro vyembamba na milango ya nakshi, na misikiti ambayo mmojawapo, Msikiti wa Mandhry, ulijengwa mnamo mwaka 1570. Watu wa huko walitufanyia ukarimu mwingi, ingawa Kiswahili chetu kiliwachekesha. Mwenzetu mmoja alimwambia mama aliyekuwa akiuza viazi karai, "Tafadhali mheshimiwa, ninaomba uniuzie," na yule mama akacheka hata akaketi. Akasema, "Mwanangu, wazungumza kama redio!" Kisha akamwongezea viazi viwili vya bure.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye bustani ya Mama Ngina, iliyo upande wa kusini wa kisiwa, penye mibuyu mikubwa inayokabili bahari. Mahali hapo palitengenezwa upya, na sikukuu ya Mashujaa ya mwaka 2019 ilifanyiwa papo hapo. Ukikaa pale unaweza kuziona meli zikiingia katika mlango wa Kilindini, kubwa kama majumba, na karibu sana hata unadhani ukirusha jiwe litazifikia. Hatukulipa kitu kuingia. Tulinunua mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, tukanywa madafu, tukaketi.

Nami nikawatazama watu. Palikuwa na mama mwenye buibui na watoto wake watano. Palikuwa na vijana wawili waliokuwa wameegesha mkokoteni wao kando, jasho halijawakauka. Palikuwa na bwana mmoja aliyeshuka katika motokaa ya fahari, na bibi harusi na bwana harusi waliokuja kupigwa picha. Wote walikaa juu ya ngazi zile zile, wakala mihogo ile ile, wakapigwa na upepo ule ule. Jua lilipotua, muadhini alisikika kutoka mbali, na baadhi yao wakaondoka kwenda kusali. Nilijiambia moyoni kwamba mji wenye mahali kama pale una utajiri usioandikwa katika vitabu vya benki.

Siku ya pili tulikwenda Bamburi kuitazama bustani iitwayo Haller Park. Nataka wasomaji wayaangalie sana maneno haya, maana nitayarudia. Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji. Mawe yalipokwisha kuchimbwa, lilibaki shimo kubwa jeupe, halina udongo, na maji yaliyotoka chini yalikuwa ya chumvichumvi. Kuanzia mwaka 1971 bwana mmoja Mswisi, René Haller, alijaribu kupanda miti humo. Aina nyingi zilikufa. Mti uliostahimili kuliko yote ulikuwa mvinje. Lakini majani ya mvinje yaliyoanguka yalikataa kuoza, na bila kuoza hapawi na udongo. Ndipo walipoletwa majongoo! Majongoo waliyala yale majani, na kinyesi chao kikaanza kufanyiza udongo. Miti mingine ikapandwa, ndege wakaja, wanyama wakaletwa. Leo ni msitu wenye kivuli, twiga, viboko na makobe wakubwa. Ni hapo ndipo alipoletwa kiboko mdogo Owen, aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya lile wimbi kubwa la Desemba 2004, akamfuata kobe mzee kana kwamba ni mama yake, hata dunia nzima ikasikia habari zao.

Siku ya tatu ndiyo iliyonipa swali langu.

Tulikuwa tumelala katika bweni la shule moja karibu na barabara iendayo Malindi. Asubuhi tulisema, leo ni siku ya bahari. Wengi wetu hatukuwa tumegusa maji ya chumvi tangu kuzaliwa. Ramani ya simu ilituonyesha kwamba bahari iko karibu sana, kiasi cha mita mia nane. Tukaanza kwenda kwa miguu, tukiimba. Tuliusikia upepo wake, na harufu yake tuliisikia. Lakini kila tulipogeuka kuifuata, tulikutana na ukuta. Ukuta wa nyumba, ukuta wa hoteli, ukuta wa kiwanja kisichokuwa na kitu ndani ila nyasi. Tukafika kwenye lango moja la hoteli, na askari wa lango akatoka.

Akauliza, "Nyinyi mwalala hapa?"

Mwalimu wetu akajibu, "La, bwana. Ni wanafunzi kutoka Uganda. Twaomba kupita tu tufike pwani."

Yule askari hakuwa mtu mbaya. Aliona haya kidogo. Akasema, "Ningependa kuwapisha, mwalimu, lakini nitafukuzwa kazi. Njia ya watu wote iko kule mbele."

Tukaenda mbele. Tuliikuta njia yenyewe, nyembamba, kati ya kuta mbili zenye vigae vya chupa juu. Tuliifuata kwa furaha, na mwisho wake tukakuta lango la chuma lenye kufuli. Katika tundu za lango tuliiona bahari. Ilikuwa ya buluu, na mawimbi yalikuwa yakivunjika mbali juu ya mwamba. Tulisimama pale kwa zamu, kila mmoja akaweka jicho lake kwenye tundu, kama watu wanaochungulia arusi ambayo hawakualikwa. Wenzangu walicheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Mwisho tulipanda matatu hata kwenye pwani ya umma ya Jomo Kenyatta, huko huko Bamburi, tukafika karibu na adhuhuri. Hapo hapana lango. Palikuwa na maelfu ya watu, ngamia wa kupandwa, mabomba ya matairi ya kuelea yaliyokodishwa kwa watoto, na wauza viazi na aiskrimu. Tuliingia majini na furaha yetu siwezi kuieleza. Mwenzetu mmoja aliyaonja maji ili ahakikishe kama kweli yana chumvi, akahakikisha.

Kando kidogo palikuwa na mzee mvuvi aliyekuwa akitengeneza nyavu zake karibu na mtumbwi. Tulimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi?"

Tukamweleza tulikotoka, na habari ya asubuhi, na lile lango lenye kufuli. Alicheka kicheko kifupi, akasema, "Bahari haina mwenyewe, wanangu. Njia ndiyo yenye wenyewe."

Kisha akatueleza kwamba alipokuwa kijana palikuwa na vijia vingi kutoka vijijini mpaka pwani, na kila mvuvi alikuwa na chake cha kupandishia samaki. Viwanja vilipouzwa, kila kiwanja kiliondoka na kijia chake. Sasa yeye huubeba mzigo wake kwa kuzunguka mbali, ijapokuwa nyumba yake i karibu na maji.

Wasomaji, baada ya kurudi niliitafuta Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nikaisoma. Kifungu cha 62 chasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hivyo yule mzee alisema kweli tupu. Ule mchanga tulioutazama kwa tundu la lango ulikuwa mali ya wote. Hapana aliyeuiba mchanga. Kilichokosekana kilikuwa ni hatua chache za kupita. Mtu akikupa embe, kisha akalitundika mahali usipoweza kulifikia, je, amekupa embe?

Usiku ule tulijadiliana bwenini. Rafiki yangu mmoja, mwenye akili sana, alinipinga, na ni haki niyataje maneno yake kama alivyoyasema. Alisema: "Umeona jinsi pwani ya umma ilivyokuwa? Imejaa watu, imejaa takataka, maganda na chupa. Na umeona pwani mbele ya hoteli ilivyo safi? Kitu cha wote hakina mwangalizi. Tena hoteli zinawapa watu kazi. Afadhali ukuta na usafi kuliko uwazi na uchafu."

Hoja zake si za kudharauliwa. Ni kweli kwamba hoteli zinawapa kazi wapishi, watunza bustani, madereva, na hata yule askari wa lango. Mimi sitaki hoteli ziondoke. Wageni na waje, maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini methali hiyo haikusema, mgeni njoo, mwenyeji apishe. Njia ya mita tatu kati ya kiwanja na kiwanja haijapata kuifilisi hoteli yoyote. Mgeni atokaye Ulaya hatakimbia kwa kumwona mvuvi akipita na kapu lake. Pengine atafurahi kununua samaki.

Na ni kweli kwamba pwani ya umma ilikuwa na takataka. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 ikakataza vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja visipelekwe katika mbuga za taifa, misitu na pwani zilizohifadhiwa. Mifuko kweli sikuiona mingi, lakini chupa niliziona. Hapa sina budi kuungama jambo. Tulipokuwa tukiagana na mzee mvuvi, palikuwa na chupa moja ya maji mchangani, tupu, karibu na viatu vyetu. Yule mzee aliinama akaiokota, akaitia ndani ya mtumbwi wake, wala hakusema neno. Aliyekuwa ameiacha chupa ile ni mimi.

Nililiwaza jambo hilo njia nzima. Mimi niliyekuwa nimekasirika kwa sababu ya kufuli, nilipopewa pwani isiyo na kufuli niliichafua kabla ya saa tatu kupita. Basi rafiki yangu ana haki kwa nusu. Mtu anayedai kitu cha wote hana budi kukubali kazi ya wote. Lakini kwa nusu ya pili amekosea, kwa sababu ukuta hausafishi kitu. Pwani ya hoteli ni safi kwa kuwa kuna mtu aliyeamka alfajiri akaifagia. Tukifagia nasi, yetu itakuwa safi vile vile. Kama shimo la mawe lisilo na udongo limeweza kuwa msitu kwa subira ya watu na kwa meno ya majongoo, itakuwaje tushindwe kuokota chupa?

Siku ya mwisho tulivuka kwa kivuko cha Likoni kwenda upande wa kusini, si kwa kuwa tulikuwa na shughuli huko, bali kwa kuona. Motokaa hulipa, lakini mtu avukaye kwa miguu halipi kitu. Asubuhi na jioni watu wanavuka kwa maelfu: makarani, wanafunzi, wachukuzi wa bandarini, mama wenye vikapu vya maembe, mabwana wenye tai. Kivuko ni kizito na joto ni kali, na watu husukumana. Hata hivyo nilifikiri, tuseme njia hii ya maji ingekuwa ya mtu mmoja, awapitishe awatakao na kuwazuia asiowataka. Mji wote ungesimama. Kumbe watu wa Mombasa wamekwisha kukubali kwamba njia ya kwenda kazini ni ya wote. Imebaki kukubali kwamba njia ya kwenda kupumzika nayo ni hivyo hivyo. Maskini ana haki ya kufanya kazi, na baada ya kazi ana haki ya kutazama bahari.

Sasa nasikia msomaji mmoja akisema, "Hayo ni mambo ya Wakenya. Yatuhusu nini?" Ndugu msomaji, ngoja kidogo.

Mimi nilizaliwa karibu na Ziwa Viktoria, upande wa Entebbe. Nilipokuwa mdogo, nyanya yangu alikuwa akinishika mkono jioni tukishuka mpaka ziwani kuwangoja wavuvi. Tulipita katika kijia kilichokuwa kati ya migomba, tukatokea majini. Kijia hicho sasa hakipo. Pana uzio wa mabati, na mbele yake pana mahali pa starehe ambapo mtu hulipa ndipo aingie. Nyanya hajaliona ziwa kwa karibu kwa muda wa miaka mingi, ingawa usiku husikia vyura wake. Nami, lo! nilipita mbele ya uzio ule kila siku nikienda shule, na sikuona ajabu. Ilinibidi nisafiri kilomita zaidi ya elfu moja, nikaweke jicho langu kwenye tundu la lango la watu, ndipo nione lililokuwa mlangoni petu.

Katika nchi yetu pia sheria si kimya. Kifungu cha 237 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 chasema kwamba Serikali huyashika maziwa ya asili, mito, vinamasi, misitu ya hifadhi na mbuga za wanyama kwa amana, kwa ajili ya raia wote. Tena kanuni za mazingira za mwaka 2000 ziliweka ukanda wa kuhifadhiwa wa mita 200 kandokando ya maziwa makubwa kama Viktoria. Amana ni neno zito. Mtu aliyewekewa amana haiuzi, wala hamfungii mlango mwenye mali. Lakini mali isiyoulizwa hupotea kimya kimya, na siku moja tutasimulia wajukuu wetu kwamba hapa Uganda palikuwa na ziwa, nao watauliza liko wapi, na tutawaonyesha ukuta.

Kwa maoni yangu tuna mambo matatu ya kufanya, na yote yamo katika uwezo wetu.

Kwanza, namshauri kiongozi wa chama chetu cha Jiografia atupange tutembee ukingo wa ziwa Jumamosi moja, tuandike kila njia iendayo majini: ipi iko wazi, ipi imefungwa, ipi wazee wanaikumbuka ingawa haipo tena. Tuchore ramani yake. Ramani haipigani na mtu, lakini ni ushahidi, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, siku hiyo hiyo tuchukue magunia. Tusiende kudai njia mikono mitupu. Kila tutakapopita, tuache pasafi kuliko tulivyopakuta, ili asiwepo mtu wa kutuambia kwamba watu wa kawaida hawastahili kupewa mahali pazuri. Gunia la kwanza nitalibeba mimi, kwa sababu mnazozijua.

Tatu, tukumbuke kwamba kati yetu wamo watakaokuwa wapima ardhi, mahakimu, madiwani na wenye hoteli. Siku moja mezani pako italetwa ramani ya kiwanja kilicho kando ya maji. Utakuwa na kalamu mkononi. Usiulize tu ukuta utapita wapi. Uliza pia mtu wa miguu atapita wapi.

Mombasa ni mji mzuri, wala sijuti kwenda. Nikipata nauli nitarudi, nikae tena chini ya mibuyu ya Mama Ngina nile mihogo. Watu wake ni wakarimu, historia yake ni ndefu, na bahari yake haina mfano. Nimeyasema haya si kwa kuwalaumu wenyeji, maana mgeni hana haki ya kulaumu nyumba aliyokaribishwa. Wenyeji wenyewe ndio walionifundisha: mama wa viazi karai kwa ukarimu wake, askari wa lango kwa haya yake, na mzee mvuvi kwa kuinama kwake.

Hayo ndiyo maoni yangu. Rafiki yangu wa bwenini amesema atanijibu katika toleo lijalo, nami nangoja kwa hamu. Lakini kabla hajaandika, namwomba aje nasi ziwani Jumamosi hiyo, achukue na nyanya yangu upande wa pili wa mkono, tumtafutie njia ya kushukia.